Sekunde moja ina fremu 25: klipu ikatwe wapi?

Kazi kubwa ya mhariri wa video hufanyika ukingoni mwa klipu. Yaliyo katikati, mpiga picha na waliopigwa wameshayamaliza. Kinachobaki mikononi mwa mhariri ni kuamua picha hii ianze lini, iishe lini, na inayofuata iingie wakati gani. Mtazamaji haoni uamuzi huo. Anachohisi ni kwamba mazungumzo yanatiririka, au kwamba kuna kitu kinamkera ambacho hawezi kukitaja. Mara nyingi tofauti ya hali hizo mbili ni fremu mbili au tatu tu, muda usiofika nusu ya robo ya sekunde.

Steven Spielberg ameeleza jambo hili vizuri katika The Cutting Edge, filamu ya mwaka 2004 inayohusu historia ya uhariri. Alikuwa akizungumzia filamu yake ya Jaws ya mwaka 1975 na mvutano wake na mhariri Verna Fields. Papa wa filamu ile alikuwa mashine, na mashine yenyewe iliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Mwongozaji aliyetaabika baharini ili apate picha chache za papa huyo alitaka zikae kwenye skrini muda mrefu iwezekanavyo. Fields alikataa. Kwa maelezo ya Spielberg mwenyewe, papa alitisha akionekana kwa fremu 36. Ukimwachia 38, watu walikuwa wanatazama kitu kinachoelea majini. Fremu mbili! Fields alipata Oscar ya uhariri kwa kazi ile, na mimi naamini aliipata kwa sababu alijua wakati wa kumwondoa papa.

Sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Televisheni za Tanzania na Kenya zilirithi mfumo wa PAL, wenye fremu 25. Simu nyingi hutoka kiwandani zimewekwa 30. Kwa hiyo anayehariri kwa ajili ya televisheni za kwetu, kila fremu mkononi mwake ni milisekunde 40. Hicho ndicho kipande kidogo kabisa cha picha anachoweza kuongeza au kuondoa, na ndani ya vipande hivyo ndimo ustadi wote wa kupunguza klipu ulimo.

Huku kwetu ustadi huu umepita katika vipindi viwili vilivyousumbua kwa njia zinazopingana. Cha kwanza kila aliyekuwa na deki nyumbani anakikumbuka. Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, soko la filamu za Bongo lilikua haraka, kwanza kwa kanda za VHS, kisha kwa diski. Ikawa kawaida hadithi moja kugawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na kila sehemu ikauzwa peke yake. Hadithi ya saa moja na nusu ililazimika kujaza saa tatu. Ndipo tulipoona gari likifika getini, honi ikipigwa, mlinzi akija taratibu, geti likifunguliwa, gari likiingia, likiegeshwa, mhusika akishuka, akifunga mlango, akitembea hadi barazani na kubisha hodi. Hakuna neno lililosemwa wala jambo lililotokea. Wahariri wengi wa kipindi kile walijua fika pa kukata, lakini dakika zilikuwa bidhaa na waliambiwa wazijaze.

Kipindi cha pili ni hiki cha sasa. Video nyingi zinazotazamwa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura zimehaririwa kwenye simu, kwa CapCut, InShot, VN au KineMaster, na zinakwenda moja kwa moja TikTok, Instagram na YouTube. Kanuni wanayofundishana vijana ni moja: usiache sekunde tupu, mtazamaji ataruka. Kila pumzi inaondolewa. Salamu zinaondolewa. Mtu anaulizwa swali, na kabla mwulizaji hajafunga mdomo jibu limeshaanza. Mzee wa miaka themanini anasikika kama anayesoma matangazo ya vifo na ya biashara kwa pumzi moja.

Kwa macho ya haraka vipindi hivi viwili havifanani, ila ugonjwa wao ni mmoja. Kwanza msambazaji wa diski aliweka ukingo wa klipu mbali mno. Sasa hofu ya kidole cha mtazamaji inauweka karibu mno. Nashikilia kwamba ukingo unapaswa kuwekwa na kile kinachotokea ndani ya klipu: wazo limekamilika, mkono umefika, jicho limegeuka. Na hilo halifanyiki kwa nia njema peke yake. Lazima mhariri azijue njia mbalimbali za kupunguza, maana anayejua njia moja tu atakata kwa njia hiyo hata pale isipofaa.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Umekwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako majahazi bado yanaundwa ufukweni. Umemhoji fundi mzee kwa dakika 40. Umepiga pia picha za kazi: tezo ikichonga mbao, keekee ikitoboa tundu la msumari, pamba yenye mafuta ikipigwa kwenye nyufa za ubavuni ili chombo kisivuje. Unatakiwa kutoa kipindi cha dakika tano.

Hatua ya kwanza haina siri. Unapitia mahojiano, unaweka alama ya kuingilia na ya kutokea kwa kila kipande unachokitaka, kwa herufi I na O katika programu nyingi za kompyuta, na unavipanga kwenye mstari wa wakati. Huenda ukapata dakika kumi na mbili. Kuanzia hapo ndipo kupunguza kwenyewe kunapoanza.

Njia inayotumika zaidi ni ile ambayo ukifupisha mwisho wa klipu, kila kilicho mbele yake kinasogea nyuma na kuziba pengo. Studio nyingi huiita ripo. Katika Adobe Premiere, herufi Q huondoa kilicho nyuma ya kielekezi hadi mwanzo wa klipu, na W huondoa kilicho mbele yake hadi mwisho, pengo likizibwa papo hapo. Katika CapCut, safu kuu ya picha hufanya hivyo yenyewe bila kuombwa, na katika Final Cut Pro mstari wote umejengwa kwa msingi huo tangu mwaka 2011.

Waliohariri kwa kanda wanajua thamani ya jambo hili. Ukiwa na mashine mbili za kanda, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, kufupisha picha moja katikati ya kipindi kulikuwa na maana ya kurekodi upya kila kilichofuata, au kunakili kanda nzima na kupoteza ubora. Watu walikiacha kipande kibovu kwa sababu tu kukirekebisha kungekula usiku mzima. Leo ni herufi moja. Hatari iliyobaki ni ya usawa wa safu: umefupisha picha kwa fremu kumi, muziki au manukuu kwenye safu nyingine hayakusogea, na kuanzia hapo hadi mwisho kila kitu kinachelewa. Kabla ya kutumia ripo, hakikisha safu zinazopaswa kusogea pamoja zimefungamanishwa, na zile zisizopaswa kuguswa zimefungwa kufuli.

Sasa tuseme umeshaweka muziki chini ya kipindi na urefu umekubalika. Hutaki tena chochote kisogee. Ila pale fundi anapomaliza sentensi na picha ya tezo kuingia, kiungo kimekaa vibaya: tezo imeshashuka nusu. Hapa unahitaji kusogeza kiungo chenyewe, ili klipu moja irefuke na jirani yake ifupike kwa kiasi kilekile. Hiyo ndiyo roli, herufi N katika Premiere. Ukisogeza kiungo fremu sita nyuma, tunaiona tezo ikiwa imeinuliwa, kisha inashuka na kugonga. Jicho hupenda kuingia kwenye picha mpya pamoja na tendo. Likikuta tendo limefika nusu, hutumia muda kutafuta lilikoanzia, na muda huo linamwacha fundi anazungumza peke yake.

Njia ya tatu ndiyo ninayotamani kila kijana mwenye kompyuta aijue, kwa sababu inaokoa kazi nyingi na wengi hawajawahi kuigusa. Nafasi ya klipu kwenye mstari haibadiliki, urefu haubadiliki, majirani hawaguswi. Kinachobadilika ni sehemu gani ya picha iliyorekodiwa inaonekana ndani ya nafasi hiyo. Huitwa slipu, na herufi yake katika Premiere ni Y. Una sekunde tatu za keekee, na katika sekunde hizo fundi anamtazama mpiga picha. Klipu nzima uliyorekodi ni sekunde kumi na tano. Shika klipu, telezesha yaliyomo mbele au nyuma, utazame hadi upate sekunde tatu ambazo macho yake yako kwenye kazi. Hukufuta kitu, hukupanga upya kitu. Katika DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, unabonyeza T kuingia katika hali ya kupunguza, na programu inachagua njia kulingana na mahali kielekezi cha kipanya kilipo: juu ya klipu ni slipu, chini kwenye jina lake ni slaidi.

Slaidi ni ndugu wa slipu: klipu inabaki na yaliyomo yaleyale ila inasogea kati ya majirani wawili, mmoja akirefuka na mwingine akifupika. Kwa kweli huitumii mara nyingi. Ijue tu ipo.

Zote hizi hudai jambo moja kutoka kwa mpiga picha, nalo ni akiba. Fundi cherehani mwema huacha upindo ndani ya nguo, kwa sababu anajua siku moja mwenye nguo atataka iongezwe. Klipu pia inahitaji upindo. Bonyeza kitufe cha kurekodi, hesabu hadi tano kimoyomoyo, ndipo tendo lianze. Likiisha, hesabu tena kabla ya kuzima. Picha nyingi za harusi ninazoziona zimewashwa bibi harusi akiwa ameshaingia ukumbini na kuzimwa kabla hajakaa. Mhariri hana pa kutelezesha, hana pa kuchanganya picha mbili taratibu, na hana namna ila kukata palepale mpiga picha alipokata.

Kuna kosa lingine ambalo ni la masikio. Wengi hukata picha na sauti mahali pamoja, kwa kisu kimoja, na kila kiungo kinasikika kama mlango unaofungwa. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: sauti na picha zisivuke kiungo kwa wakati mmoja. Fundi anasema kwamba mbao zikishakaa juani huanza kupinda. Akiwa bado kwenye maneno ya mwisho, tunaanza kusikia tezo kwa mbali, tok, tok, na ndipo picha inahamia kwenye tezo. Sauti imetangulia. Au kinyume chake: tumeshahamia kwenye mikono inayochonga, ila sauti ya fundi inaendelea juu yake hadi amalize wazo. Kwenye mstari wa wakati, mpangilio wa kwanza una umbo la herufi J na wa pili la herufi L, na ndiyo majina yake studioni. Kuipata hakuhitaji kitu kipya. Tenganisha sauti na picha kwa muda, kisha sogeza kiungo cha picha peke yake kwa roli. Ukifanya hivyo katika kila kiungo cha mazungumzo, mtazamaji atadhani umehariri kwa ustadi wa miaka.

Nikae kidogo kwenye sauti, kwa sababu hapa lugha yetu ina mahitaji yake. Programu nyingi sasa zina kitufe cha kuondoa ukimya: mashine inapima nguvu ya sauti, na popote iliposhuka chini ya kiwango fulani inakata. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Baada ya mkazo, irabu ya mwisho hushuka, hasa mwishoni mwa sentensi, na hasa kwa mzee au mtu mwenye huzuni. Kwenye mchoro wa sauti inaonekana kama mkia mwembamba, karibu sawa na ukimya. Mashine inauona mkia huo na kuuondoa. "Asante" inabaki "asant". "Hakuna" inabaki "hakun". Mwanzoni nako kuna hasara: maneno kama mvua, mti, nchi na nne huanza kwa mvumo wa puani usio na nguvu, na kisu kikiwahi kidogo tunasikia "vua" na "ti". Msikilizaji hatajua kilichopotea, ila atamsikia mzungumzaji kama mgeni wa lugha yake mwenyewe.

Hata anayekata kwa mkono huangukia hapo akiamini macho kuliko masikio. Ushauri wangu ni kuvaa visikio, kushusha kiwango cha ukimya kwenye programu, na kuacha fremu nne au tano baada ya mahali mchoro unapoonekana umekwisha. Sauti nayo ni laini kuliko picha: video nyingi hurekodi sauti kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya fremu moja ya milisekunde 40 zimo sampuli 1,920. Ukikata mahali wimbi lilipo juu, utasikia mlio mdogo kama kucha juu ya meza. Kufifisha sauti kwa fremu moja au mbili pande zote za kiungo kunauondoa. Na kabla hujaondoka Nungwi, waombe watu wanyamaze, urekodi dakika moja ya mahali penyewe: upepo, maji, kuku wa jirani. Ukimya wa ufukweni una sauti, na ndiyo utakayoijazia mapengo.

Kisha kuna kimya ambacho hakifai kukatwa kabisa. Umemwuliza fundi ni nani atakayerithi tezo yake. Ananyamaza. Anatazama chombo. Anasema, "Ah, mwanangu," ananyamaza tena, ndipo anajibu kwamba vijana wamekwenda hotelini. Kati ya swali na jibu kuna sekunde sita. Kitufe cha kuondoa ukimya kitazifuta zote, na kitakachobaki ni taarifa kwamba vijana wamekwenda hotelini. Sekunde sita zile ndizo zilizokuwa jibu. Hali kadhalika salamu. Kipindi kinachoanza na "Shikamoo, babu," na sauti ya mzee ikaitikia "Marahaba, mwanangu," kimetumia sekunde tatu kutueleza nani anazungumza na nani, na kwa heshima gani. Sioni sekunde tatu nyingine zinazofanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi.

Mhariri wa Marekani Walter Murch ameandika juu ya mahali pa kukata kuliko karibu mtu yeyote mwingine wa kazi hii. Alipokuwa akihariri The Conversation ya mwaka 1974, aligundua kwamba fremu aliyotaka kukatia mara nyingi ilikuwa karibu sana na pale mwigizaji Gene Hackman alipopepesa macho. Akaanza kuamini kwamba binadamu hupepesa anapomaliza wazo moja na kuanza lingine, na kwamba kiungo kizuri huangukia hapo hapo. Katika kitabu chake amepanga mambo sita ya kuzingatia kwenye kila kiungo na kuyapa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, na mengine matatu yanayohusu jicho na nafasi yakigawana 16 zilizobaki. Yaani hisia peke yake inazidi mengine yote kwa pamoja. Kama mkono wa mwigizaji uko juu katika picha moja na chini katika inayofuata, ila hisia ni ya kweli, Murch atakata hapo na kulala usingizi.

Lakini kilichonifaa mimi zaidi ni zoezi lake. Anaicheza klipu kwa kasi yake ya kawaida, na pale mwili unapomwambia "sasa", anabonyeza. Anaitazama fremu aliyoipata, anarudi nyuma, anacheza tena na kubonyeza tena bila kulenga. Akiangukia fremu ileile, amepata mahali pake. Akikosa, anajua kuna jambo ndani ya klipu ambalo bado hajalielewa. Fanya hivyo kwa jibu la fundi wetu. Utashangaa kidole kinavyojua. Kuvuta ukingo kwa kipanya huku picha imesimama hakuwezi kukupa jibu hilo, kwa sababu picha iliyosimama haina mdundo. Tumia herufi J, K na L, zinazorudisha, kusimamisha na kupeleka mbele karibu katika kila programu, na uamuzi ufanyike picha ikiwa inakwenda.

Sisemi kwamba kukata kwa mruko, yaani kuondoa kipande katikati ya picha ileile, ni dhambi. Jean-Luc Godard na mhariri wake Cécile Decugis walipoona À bout de souffle ya mwaka 1960 imekuwa ndefu mno, walikata ndani ya mandhari badala ya kuondoa mandhari nzima, na mruko ule ukaifanya filamu iwe na damu changa. Mchekeshaji wa mtandaoni anayekata vivyo hivyo anaweza kuwa sahihi kabisa, maana mzaha wake unataka kasi. Kinachonisikitisha ni fundi wa majahazi kupewa mdundo wa mchekeshaji kwa sababu tu simu ilikuja na kitufe cha kuondoa ukimya.

Kuna mambo mawili ya kiufundi yanayowatesa watu wa simu, na inafaa yasemwe. La kwanza ni kuchanganya kasi. Ukiweka klipu ya fremu 30 kwenye mradi wa 25, programu hutupa fremu tano kila sekunde, na mwendo unashtukashtuka. Amua kasi kabla ya kupiga. Baadhi ya simu pia hurekodi kwa kasi inayopandashuka, na baada ya dakika kadhaa midomo na sauti huachana. Kupitisha faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, ili kasi iwe moja, kunaponya hilo. La pili ni klipu inayokataa kuanza pale ulipokata. Video za siku hizi hubanwa kwa namna ambayo picha kamili huhifadhiwa mara moja moja tu, na kati ya hizo huhifadhiwa mabadiliko peke yake. Programu inayokata bila kubana upya, kama LosslessCut, hufanya kazi kwa sekunde chache na haipunguzi ubora, ila kwa kawaida hulazimika kuanzia kwenye picha kamili iliyo karibu. Ukitaka fremu yako hasa, kubali video ibanwe upya, na usubiri.

Jambo zito zaidi ni lile la uaminifu. Ukishajua kufunika kiungo kwa picha ya tezo, unaweza kuunganisha nusu ya sentensi moja na nusu ya nyingine, na hakuna atakayeona mshono. Mhariri wa habari ana uwezo wa kumfanya mtu aseme ambalo hakulisema. Katika Kiswahili uwezo huo ni wa kutisha, kwa sababu ukanushi wetu mara nyingi umebebwa na silabi moja mwanzoni mwa neno. Ondoa fremu nne za mwanzo kwenye "hatukubali" na kinachobaki ni "tukubali". Hilo linaweza kutokea kwa makusudi, au kwa kisu kilichowahi tu. Mimi hushika masharti machache: jibu libaki kwenye swali lake, "lakini" isikatwe ikiwa ndiyo iliyobeba maana, na panapokuwa na shaka, mahojiano yasikilizwe tena kutoka mwanzo kabla kipindi hakijatoka. Muda wa kufanya hivyo upo daima kuliko muda wa kuomba radhi.

Kwenye programu za kuhariri, kupunguza ni kuficha. Dakika 35 za fundi ambazo hazikuingia kwenye kipindi bado zipo ndani ya diski, na ukivuta ukingo zinarudi. Ila kuna mahali pamoja ambapo kupunguza ni kufuta kweli, nalo ni wakati wa kufunga mradi. Premiere na Resolve zote zina chaguo la kunakili mradi kwa ajili ya hifadhi huku zikibakiza sehemu zilizotumika tu, pamoja na fremu chache za akiba kila upande. Linaokoa nafasi, na kwa tangazo la sabuni halina ubaya. Kwa mahojiano ya mzee wa Nungwi usilichague, hasa kama unapanga kufuta faili za awali baadaye. Nakili faili nzima, kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti, na ndani ya folda uandike tarehe, mahali, jina alilokubali litumike, na lugha ya kazi aliyoitaja: majina ya mbao, ya misumari, ya pande za chombo. Mengi ya hayo hayataingia kwenye dakika tano, na watakaoyahitaji watayatafuta humo.